MREJESHO: Vijana wa maskani kijijini kwetu, Pangani

Habari zenu ndugu zangu. Niliwaomba ushauri kuhusu vijana wa maskani: spika hadi alfajiri, akina mama kutukanwa njia ya kisimani, nazi za watu kuangushwa usiku. Wengi mlisema tuanze na mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema. Mwenyekiti aliuitisha.

Wazazi walianza kama kawaida, kila mmoja mwanawe hana kosa. Ndipo akasimama mzee mmoja jirani yangu, akawageukia vijana wenyewe: "Wajukuu zangu, mimi siku hizi alfajiri naswali nyumbani. Naogopa kupita mlipokaa." Uwanja mzima kimya. Mwenye spika aliinamisha kichwa, na jioni ile alikwenda kumwomba radhi.

Tulikubaliana muziki uzimwe saa nne usiku na sungusungu warudi zamu mashambani. Waliotaka faini papo hapo walinuna, lakini sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iipitishe, na mimi naona bora kusubiri kuliko kutoza watu kinyume cha sheria.

Sasa tunalala, na matusi njiani yamekwisha. Nazi bado zinaibwa. Kuna mnunuzi huja na pikipiki usiku, haulizi zimetoka shamba la nani. Huyo tumeshamripoti kwa polisi kata. Asanteni sana.