Kujitolea Mercy Ships, kweli unajilipia mwenyewe?

Wakuu habari. Mimi nesi wa thieta (chumba cha upasuaji), nataka kwenda kujitolea kwenye zile meli za Mercy Ships zinazofanya upasuaji bure. Sasa jamaa yangu ananiambia eti mshahara hakuna na chakula unajilipia, kweli au ananitisha tu?

Baharia Mstaafu: Kweli mkuu. Hata daktari bingwa anachangia gharama za kuishi melini, nauli ya ndege juu yako, wengi wanachangisha kwa ndugu na kanisani.

Mama Wodi: Usikate tamaa mdogo wangu, meli yao moja, Global Mercy, ina thieta 6, ilienda Freetown, Sierra Leone, 2023, wanatoa mauvimbe ya usoni ambayo mtu kaishi nayo miaka mpaka anajifunika kanga akitoka nje, kuna mdomo sungura, ngiri, watoto wenye matege. Kingereza tu kiwe vizuri.

Fundi Taa: Na sisi wa umeme je?

Baharia Mstaafu: Mnatakiwa sana, wapishi na walimu pia, ile ni meli jamani, bila jenereta hakuna thieta 😂

Mtoa mada: Haya, naanza kibubu leo.