Nimeandika tano, imeandika 4.64, na fundi ananiambia nisichape haraka

Nimekata simu sasa hivi na ninaandika kabla hasira haijapoa. Programu yenyewe sina haja ya kuitaja, kwa kuwa maduka ya vipuri kuanzia Mwembe Tayari hadi Changamwe yanaandikia ankara humo humo, na fundi wake mnamjua kwa sauti.

Mteja wa Mombasa hapatani bei kabla ya kodi. Anapatana bei ya mwisho. Tulikubaliana 5,800, nikaenda kwenye kisanduku cha jumla ili programu itoe kodi ya asilimia 16 na kuniwekea bei ya 5,000, hesabu isiyo na hata senti ya kubishania. Nikabonyeza tano. Kabla kidole hakijafika kwenye nane, programu ikaigawanya tano yangu kwa 1.16, ikakadiria kuwa bei ni shilingi 4, ikazidisha upya kupata jumla, ikaifuta tano na kuweka 4.64. Nikaandika nane, ikarudi 4.64. Nikaandika sifuri, ikarudi 4.64. Ningechapa hadi meli zote za Kilindini zimalize kupakuliwa, ingebaki 4.64. Mteja aliyekuwa nyuma ya bega langu akaweka sarafu ya shilingi tano mezani na kuniambia nibaki na chenji.

Sipingi visanduku viwili, cha bei na cha jumla, kutegemeana. Ninachopinga ni kila kimoja kumwamrisha mwenzake bila kujali mtu anaandika wapi. Kisanduku chenye kielekezi kiachwe, kingine kihesabiwe, na hesabu ingoje hadi nibonyeze Enter au nihamie kwingine. Nilimweleza fundi hivyo kwa adabu, naye akajibu kwamba nisichape haraka. Nisichape haraka, ilhali imekula tarakimu moja!

Karani wa Makupa: Pole sana, ndugu yangu. Sisi huandika jumla kwenye Notepad, kisha tunaibandika nzima. Hata hivyo, ukibandika 10,000 inakurudishia 10,000.36, kwa sababu bei inahifadhiwa bila senti: 8,621 mara 1.16. Mteja mmoja alikataa katakata kulipa hizo senti 36, na alikuwa na haki.

Mwana wa Kibokoni: Bwana, duka lenye mteja mmoja asubuhi nzima lina haraka gani? Nunua daftari la risiti na kalamu.

Fundi Mstaafu: Kosa liko wazi. Badiliko lililofanywa na programu linachukuliwa kana kwamba limeandikwa na mtu, hivyo kila kisanduku kinamwamsha mwenzake. Dawa ni kuzima kuamshana huko programu inapojaza yenyewe, na kuhifadhi bei kamili ndani huku senti zikikadiriwa kwenye kioo tu. Katika VisiCalc, programu ya majedwali ya mwaka 1979, seli ilibeba ama namba iliyoandikwa na mtu ama fomula, na Excel huonya fomula inapojirejelea. Huyu fundi wa programu yenu hakujifunza kwa yeyote.

Mwenye uzi: Ahsante, mzee wangu. Mwambieni basi, maana mimi ameniambia nisichape haraka. Nimeandika tano! Ikawa 4.64 mbele ya mteja!

Binti Likoni: Wenye visanduku viwili mna nafuu. Sisi tuna vitatu: dola, kiwango cha ubadilishaji na shilingi. Nikirekebisha kiwango, wakati mwingine dola ndizo zinazobadilika, ilhali dola ndizo zilizo kwenye mkataba. Kwa nini hakuweka alama ya kufuli, niseme mwenyewe kipi kisiguswe?

Karani wa Makupa: Dada, hilo la kufuli lingetuokoa. Fungueni ankara ya Juni 2020, kodi ilipokuwa asilimia 14, muone inavyojigeuza kuwa 16 kwa kufunguliwa tu. Nikimwonyesha mkaguzi, nitasema nini?

Mwana wa Kibokoni: Hayo ni madogo. Kwenye fomu ya wateja, ukichagua kaunti ya Mombasa kisha eneo bunge la Nyali, halafu ukasahihisha nambari ya simu tu, orodha inajijaza upya na kurudi kwenye jina la kwanza. Wateja wangu wote wamehamishiwa Changamwe.

Binti Likoni: Wangu pia! Leo asubuhi dereva amepeleka betri Changamwe, na mwenyewe anaisubiri Mtongwe.

Mwana wa Kibokoni: Afadhali betri. Mimi nilipeleka kioo cha mbele cha lori, na bado kiko huko.