Nanga ya maji mafupi kwa boti ya faiba: nondo, mabapa, zege au upondo?

MshipiChwaka
Assalaam alaykum wana bahari. Nina boti ya faiba, haifiki mita 6, mashine ya nguvu farasi 15. Navua kwa mshipi ndani ya Ghuba ya Chwaka, watu wawili au watatu chomboni. Maji ni mafupi: kupwa ya bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu) mahali pengi ni mita 1 na nusu tu, kujaa yanapanda karibu mita 3 juu ya hapo. Chini kuna kila kitu: majani, vipara vya mchanga mweupe, matope upande wa mikoko, na mawe ukikaribia kutoka nje.

Nanga niliyonayo ni ya nondo, meno manne. Mara inashika, mara inaburura, na upepo wa kusi ukivuma ndiyo haitulii kabisa. Nafikiria kuiacha ninunue ile ya mabapa mawili inayokunjika. Wengine wananiambia nimwage zege kwenye ndoo, yatosha. Wapo wanaosema upondo tu, mti mrefu unaochomekwa chini. Naomba mnilinganishie, hasa nyinyi mnaovua maji kama haya.

FundiNanga_Tanga
Wa alaykum salaam sheikh. Kabla hujaihukumu hiyo nanga, tazama kilichofungwa juu yake. Boti nyingi nakuta kamba imefungwa moja kwa moja kwenye pete, mnyororo hakuna. Wimbi likinyanyua omo (mbele ya chombo), kamba inavuta kwenda juu, shina (mti wa katikati wa nanga) linainuka na meno yanatoka. Ukiweka mita 2 au 3 za mnyororo wa milimita 8 kati ya nanga na kamba, shina linalala, mvuto unakuja chini chini na jino linachimba.

Halafu nondo yenyewe ni ya milimita ngapi? Kwa boti yako mimi natengeneza kwa 12. Ikinasa kwenye mawe unavuta taratibu kwa mashine, jino linanyooka, nanga inatoka, na ufukweni unalipinda tena kwa nyundo. Ya 16 hainyooki. Ikinasa, utakata kamba.

Ya mabapa siipingi. Kwenye mchanga mtupu, kilo kwa kilo, haipatikani ya kuishinda, na ya kilo 4 au 5 inakutosha. Shida yako ni majani. Bapa linalala juu ya majani bila kufika mchangani, au linabeba fungu la majani na mizizi, likishaziba halichimbi tena. Jino jembamba la nondo linapenya.

Mbajuni_Lamu
Ndugu wa Chwaka, kwenye maji ya kiuno hadi kifua mimi situpi nanga. Nakita kigingi. Ni bomba la chuma la inchi moja, urefu kama mita 3, chini limechongwa, juu limechomewa kipande cha kukingama ili mikono ipate pa kushika. Unalisukuma huku unalizungusha kulia na kushoto mpaka liingie kama mkono mzima. Penye matope na penye majani linakaa imara, kwa sababu mizizi ya majani inaufunga mchanga.

Faida ambayo watu hawaisemi ni ukimya. Kwenye maji ya mita 1, nanga ikidondoka na mnyororo wake samaki wote wameshajua umefika. Kigingi unakizamisha polepole, unaanza kuvua pale pale.

Kamba ya kutoka omo usiifunge kwenye bomba kwa fundo la kukaza. Tia kitanzi kipana kinachopanda na kushuka na maji. Ukikaza wakati wa kupwa, maji yakianza kujaa yatakivuta kigingi kwenda juu au yatainamisha omo. Na usikiache chombo peke yake juu ya kigingi usiku.

Ukerewe_Dagaa
Huku ziwani, kwa mitumbwi midogo, jiwe au kiroba cha mchanga ndiyo nanga ya wengi, na upepo ukiwa mdogo inafaa. Zege kwenye ndoo ni jiwe lile lile, ila lina pete. Mkuu, ujue tu kwamba uzito unaoubeba begani sio unaokushikia chini ya maji. Zege linapoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake likizama, chuma kinapoteza kama asilimia 13. Ndoo ya kilo 20 kule chini inabaki kilo 12 tu, na haichimbi, inategemea uzito peke yake. Kwa mikondo ya bahari mnayoisema huko, mimi nisingeiamini kwa boti ya faiba yenye mashine. Kwa mtumbwi wa mtu mmoja mahali palipotulia, sawa.

MshipiChwaka
Nashukuru sana. Fundi, umenena: mnyororo sina, na kamba ni ile ya bluu ya plastiki, mita 15. Nondo nimeipima, ni 12. Bwana wa Lamu, hicho kigingi kimenivutia kwa upande wa mikoko. Ila nikisogea kule mita 4 hakifiki, na bado sijaelewa nifanye nini kwenye majani.

FundiNanga_Tanga
Basi tatizo lako kubwa ni kamba kuliko nanga. Fanya hesabu kwa maji ya kujaa, usifanye kwa maji uliyoyakuta. Kupwa mita 1.5, jumlisha 3 za kujaa, jumlisha nusu mita kutoka majini hadi omo: hiyo ni mita 5. Kukiwa shwari unaachia mara 5 ya hapo, yaani mita 25. Kusi likichachamaa, mara 7, yaani 35. Wewe na mita 15 zako, wakati wa kupwa una zaidi ya mara 7 na nanga inashika vizuri. Maji yakijaa umebaki na mara 3 na inaburura. Ndiyo maana unasema mara inashika, mara haishiki.

Hiyo kamba ya bluu inaelea. Upepo ukigeuka wakati imelegea inapita juu ya maji, na mwisho wake ni kwenye pangaboi. Chukua nailoni ya milimita 10 au 12: inazama, na inanyumbuka wimbi likipiga, haiishtui nanga.

Mbajuni_Lamu
Hapo nakubaliana na fundi neno kwa neno. Kwenye majani, ndugu yangu, subiri jua lipande kidogo utazame chini. Kipara cha mchanga kinaonekana cheupe. Tupa nanga kwenye kipara, uachie kamba mpaka boti ikae juu ya majani, uvue pale. Samaki wapo pembeni mwa majani, na nanga ipo mchangani inakoshika. Hata mabapa yako yatafanya kazi hivyo.

Kisiwani_Mafia
Na mimi nasisitiza hicho kipara, kwa sababu nyingine. Kwetu Mafia tuna hifadhi ya bahari tangu 1995, na habari ya nanga juu ya matumbawe tunaijua vizuri. Tumbawe la mviringo linakua kama sentimita moja kwa mwaka. Nanga ya nondo ikiliburura dakika moja tu imeondoa kazi ya miaka mingi, na changu wanaoishi hapo wanahama. Penye boya, funga kwenye boya. Penye mawe na hakuna boya, tafuta mchanga. Majani nayo ni malezi ya samaki wadogo, kwa hiyo kaka, usiing'oe nanga kwa kuiburura na mashine. Sogea mpaka uwe juu yake, vuta wima kwa mkono.

Pwani_Tampa
Nipo Florida na huku ndiko nyumbani kwa Power-Pole, vile vigingi vya kubonyeza kitufe: mkono unashuka nyuma ya boti na kuchoma chini wenyewe. Kuna Talon ya Minn Kota pia, ya urefu wa juu kabisa inafika maji ya mita 4 na nusu. Ni kazi safi, lakini zinataka betri na kisogo imara cha boti, na bei yake ukiipeleka kwenye mashine utapata faida zaidi. Bomba la bwana wa Lamu linafanya kazi ile ile. Tahadhari moja: kwenye mkondo wa bamvua au mawimbi usijifunge kwa nyuma. Mashine tayari inalemea tezi (nyuma ya chombo), maji yanaingia haraka. Omo iangalie maji siku zote.

MshipiChwaka
Nimeamua hivi: nanga ya nondo inabaki, natia mnyororo mita 3 na nailoni mita 35, na fundi wa jirani atanichomea kigingi. Ya mabapa naiacha kwa sasa. Fundi, swali la mwisho: ikinasa kwenye mawe kule nje, hakuna njia isipokuwa kunyoosha jino?

FundiNanga_Tanga
Ipo. Mwanzo wa mnyororo ufunge chini, pale meno yanapokutana, kwa pingu ya chuma yenye pini. Kisha uupitishe kando ya shina mpaka kwenye pete ya juu, hapo ufunge kwa uzi mwembamba wa nyavu, mizunguko miwili mitatu. Siku zote nanga inavutwa kwa juu kama kawaida. Ikinasa, sogea juu yake uvute kwa nguvu: uzi unakatika, mvuto unahamia chini, nanga inatoka kinyumenyume. Uzi usiwe mnene, la sivyo haukatiki, na usiwe uliochakaa, utakukatikia na boti imetulia. Ubadilishe kila ukiona umekwaruzika.

Kisiwani_Mafia
Na ukiachia hizo mita 35, kumbuka boti inazunguka duara kubwa maji yakigeuka. Chwaka kuna mashamba ya mwani ya kina mama. Kaa mbali na vigingi vyao, kamba ya nanga ikishika mstari mmoja inang'oa shamba zima.