Tupeane uzoefu: waliowahi kuingia stesheni za zamani za treni Kusini mwa Marekani

Mtoto wa Gerezani:
Wakuu habari za wikiendi. Nafungua huu uzi baada ya Jumamosi kupita Hamlet, North Carolina, kamji kadogo, nusu saa umekamaliza kwa mguu. Tulikuwa tunatoka Charlotte kwenda kumsalimia shemeji Fayetteville, dogo akabanwa na mkojo, tukachepuka, ndo tukakutana na stesheni ya mbao ya mwaka 1900. Imejengwa pale reli mbili zinapokatana kwa hiyo kona yake ni ya mviringo, kapaa kamechongoka juu kama kofia, na kibaraza kimeifuata reli huku na huku. Kumbe miaka ya 2000 mwanzoni walilinyanyua jengo zima wakalivusha reli wakalitua upande wa pili. Jengo la ghorofa jamani! Kwetu stesheni ikichoka tunaanza na mabati.

Dogo akagusa kila kitu, mi nikakaa kwenye benchi. Nje tukamkuta mzee mmoja mweusi amekaa anaangalia treni za mizigo, nikamwamkia, tukapiga stori. Akaniuliza tumeingilia mlango gani. Nikamwonyesha. Akacheka akasema bibi yake alisafiri sana kupitia hapa na mlango huo hakuupita hata siku moja. Zamani walikuwa na vyumba viwili vya kusubiria, wazungu kwao na weusi kwao. Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia tu pole mzee.

Halafu hapo hapo Hamlet ndo alizaliwa John Coltrane, yule wa saksofoni, 1926. Nani mwingine ana stori?

Wa Makongeni:
Mimi niko Salisbury, hapo hapo North Carolina. Yetu ni ya 1908, aliichora Frank Milburn, ina mnara katikati na vigae kwa paa, kubwa kuliko huu mji wenyewe. Siku ya kwanza nilivaa vizuri nikaenda kuiona, nikakuta harusi ndani! Siku hizi ule ukumbi wanakodisha, abiria wa Amtrak, ile kampuni ya treni za abiria, wamewekewa kasehemu kando. Nimesimama nje kama mtu hajaalikwa, nikapiga picha ya mnara nikaenda.

Lakini kama unapenda treni kabisa endesha dakika kumi hivi uende Spencer, kulikuwa na karakana ya kampuni ya reli ya Southern Railway, sasa ni makumbusho. Kuna jengo la nusu duara lenye vyumba 37 vya kulaza vichwa vya treni, na katikati meza ya chuma ya kuvizungusha, unapanda kichwa kinageuzwa na wewe uko juu. Mji umepewa jina la Samuel Spencer, rais wa kwanza wa hiyo kampuni, na huyo bwana alikuja kufa 1906 amelala kwa behewa lake mwenyewe, treni nyingine ya kampuni yake ikamgonga kwa nyuma. Aki haya maisha.

Kitu kilinishtua ni mwaka. Karakana ilifunguliwa 1896. Mwaka huo huo mahakama kuu ya Marekani ikamwangusha Homer Plessy, yule alikataa kutoka kwa behewa la wazungu kule Louisiana, ikasema kutenganisha watu ni sawa. Na mwaka huo huo Mombasa waingereza wanaanza kulaza reli ya kwenda ziwani. Babu yangu alifanya kazi ya reli, alikuwa anatuambia first class alikuwa anaipanda akiwa na ufagio.

Mwana wa Uvira:
Huyo babu kanifikisha mbali. Mimi niko Greensboro. 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika na mama tukashukia Kigoma, na kitu cha kwanza nakumbukaka ni ile stesheni ya wajerumani, nyeupe, na matao yake, juu kidogo ya bandari. Nilidhani ni nyumba ya mfalme. Tulilala nje siku mbili mbele ya kupelekwa kambi ya wakimbizi. Sasa huku kila nikiona stesheni ya zamani naangaliaga kwanza kama kuna kivuli cha kulala watu.

Mtoto wa Gerezani:
Mwana wa Uvira, Hamlet kipo. Kibaraza chote kile kina kivuli.

Shangazi Raleigh:
Anayetaka kwenda kwa treni yenyewe, Amtrak bado inasimama Hamlet, ila inapita saa za ajabu na inachelewa, mimi nimekaa pale usiku na mbu na chupa ya chai hadi chai ikaisha. Bebeni khanga ya kujifunika. Mtoto wa Gerezani, yule mzee bado yupo? Mwezi ujao napita, nimpelekee maandazi.

Mtoto wa Gerezani:
Shangazi, mzee alisema yupo kila Jumamosi, benchi la upande wa reli.