Maafa au Maangamizi: biashara ya utumwa ya Atlantiki tuiiteje?

Mleta mada: Wamarekani weusi wamelifanya neno letu "Maafa" kuwa jina la mateso ya utumwa na yote yaliyofuata. Aliyelieneza ni Marimba Ani, mwanaanthropolojia Mmarekani mweusi. Kanisa la St. Paul Community Baptist, Brooklyn, lilianza ibada za kumbukumbu hiyo 1995. Maulana Karenga, msomi mwenzake aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa, analikataa, anataka "Maangamizi". Naungana naye. Afa, wingi maafa, limetoka kwenye Kiarabu: janga, baa. Kitenzi halina. Mlima ukiporomoka Hanang, tunaita kamati ya maafa, na hakuna anayeulizwa nani kafanya. Tanzania ina hata Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Sasa tazama: angamia ni kupotea kabisa, angamiza ni kumpoteza mwingine, maangamizi ni tendo hilo. Ile -iz- inadai mtenda.

Mchangiaji wa pili: Sarufi nakubali, hitimisho nakataa. Maneno huhama. Adhabu kwa Kiarabu ni mateso. Kwetu imekuwa anayopewa mkosaji na hakimu au mwalimu, na maana ya zamani tunaisikia bado kwenye "adhabu ya kaburi". Waliolichukua Maafa wamelipa maana yao, nani awanyang'anye? Halafu maangamizi yanapotosha: wenye meli hawakutaka kuwamaliza watu, walitaka wakafanye kazi.

Mleta mada: Soma habari za Zong, meli ya watumwa ya Waingereza, 1781. Waafrika zaidi ya 130 walitupwa baharini wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila mtu. Katika karne zote za biashara ile walipakiwa takriban milioni 12.5, wakashuka kama milioni 10.7. Vifo vilikuwa ndani ya hesabu ya faida. Hiyo utaiitaje afa?

Mchangiaji wa tatu: Njooni nyumbani basi. Majimaji, 1905 hadi 1907: Wajerumani walichoma mashamba na maghala kusini, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Ukiandika "maafa ya njaa" umemficha aliyewasha moto, na mwanafunzi ataisoma kama njaa ya ukame. Ila tusikimbilie "mauaji ya kimbari" pia. Hilo ni neno la kisheria, tangu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948, na linahitaji kuthibitishwa nia ya kuangamiza kundi. Mimi naona hivi: Maafa kwa herufi kubwa libaki kwa kumbukumbu ya Wamarekani; tukiandika historia yetu, maangamizi.

Mchangiaji wa nne: Kwa nini tusiseme mateso tu?

Mchangiaji wa tatu: Kwa sababu hata jino humtesa mtu. Na kuna mtego mwingine: "mateso ya Wajerumani" yanaweza kusomeka kwamba Wajerumani ndio walioteseka. Andika "mateso waliyofanyiwa Wangoni na Wajerumani". Ni marefu, lakini hakuna atakayeuliza nani alimfanyia nani.