Kanga ya mama mkubwa imeitwa BLANKETI. Hawa watu wa tenda wametuchosha

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya lile gereza la wahamiaji, vidole vinatetemeka. Huyo mlinzi wa getini simtaji, mnamjua. Kila mwenye ndugu aliyebebwa na ICE, wale askari wa uhamiaji wa Marekani, anamjua: shati la kubana, funguo kilo 40 kiunoni, big jii mdomoni tangu enzi za Mwalimu.

Nimeendesha saa tano na mama mkubwa, miaka 71, aje amwone mwanawe. Kajitanda kanga mpya, bado inanuka duka. Tumevua viatu, mkanda, saa, nusura nivue na meno. Yule bwana anaitazama kanga, anatafuna, anasema: blanketi haziruhusiwi.

Blanketi! Mama mkubwa ananiuliza, "Anasemaje huyu, mwanangu?" Ningemfasiria nini?

Nikauliza hiyo ni kanuni ya serikali? "Sisi si serikali, sisi tuna mkataba tu." Nikapiga simu kwa hao serikali, nikasikilizishwa muziki mpaka nikajua kuucheza, mwisho naambiwa hilo ni la mkandarasi. Sasa ndugu yangu kafungwa na nani, jini?

Na humo ndani anadeki kwa dola 1 kwa siku. Hilo nimelimeza. Blanketi halishuki. Mwenye kanga moja ya kujifunikia huku kwenye baridi atazikwa nayo! Tenda hizi zipigwe marufuku. Hoja sina, nina hasira.

Mkaa Baraza: Pole mkuu. Weka picha ya kanga.

Wakili wa Kijiweni: Illinois walikataza magereza binafsi ya wahamiaji 2019. California nao mwaka huohuo, ila 2022 mahakama ya rufaa ikawagomea: jimbo halina ubavu wa kuipangia serikali kuu ifungie watu wapi. Biden alipozuia mikataba ya namna hiyo 2021, aligusa wizara ya sheria tu. ICE wako wizara nyingine, wakapeta. Na hiyo dola 1, kule Tacoma, jimbo la Washington, 2021 baraza la wazee wa mahakama liliamua kampuni iwalipe mahabusu zaidi ya dola milioni 17.

Mleta uzi: Asante wakili. Kuhusu blanketi sheria inasemaje?

Ngedere Mzee: Saa tano barabarani na hukusoma masharti ya mavazi? Kubali tu ulizembea, acha kumsingizia big jii wa watu.

Mleta uzi: Masharti yamekataza kaptura na kandambili. Kanga haimo!! Wala blanketi halimo!!

Binti wa Peckham: Nyie mna nafuu. Huku Uingereza walinzi wa kampuni walimkandamiza Jimmy Mubenga kwenye kiti cha ndege ya kumrudisha Angola, 2010, akafa. Wakashtakiwa, 2014 wakaachiwa.

Mkaa Baraza: Duh.

Kijana wa Posta: Na sisi wa Dar tunaoomba viza? Unalipa ubalozi, halafu wale wa kampuni wanaokaa dirishani wanakuuzia ujumbe wa simu na kiti cha kukalia. Ukinyimwa, "sisi tunapokea fomu tu."

Mleta uzi: HAOHAO! "Tunapokea tu," "tuna mkataba tu." Ila wewe nguo ya mamako haijaitwa blanketi.

Kijana wa Posta: Mimi picha yangu ilikataliwa, ati masikio hayaonekani. Masikio haya! Shule nzima waliniita sahani.

Shekuwe wa Kibokoni: Samahani jamani, mnayoisema ni leso. Kanga ni ndege.

Ngedere Mzee: Leso ni ya kupengea kamasi.

Shekuwe wa Kibokoni: Wabara mna tabu. Leso tumevaa sisi nyinyi mwajifunga magome.

Binti wa Peckham: Bibi yangu wa Unguja anasema kanga, na yeye si wa bara. Mkamkosoe.

Mkaa Baraza: Jina lake je? Mleta uzi, imeandikwaje?

Mleta uzi: "Mgeni njoo mwenyeji apone."

Mkaa Baraza: 😂😂😂 Na mama mkubwa alipita getini nayo hiyo?

Mleta uzi: Aliingia bila. Mimi nimebaki nayo kwenye gari.

Binti wa Peckham: Hilo jina nalitafuta mwaka wa pili. Doti Kariakoo siku hizi shilingi ngapi?

Kijana wa Posta: Ya India au ya hapahapa?

Shekuwe wa Kibokoni: LESO.