MREJESHO: Binti yangu wa miaka 5 aliyechanganya b na d

Wapendwa, mwezi uliopita niliomba ushauri, mkaniambia niweke daftari kando tucheze kwanza. Hapa Nkuhungu, Dodoma, mchanga haukosekani: nachora b au d kwa ukubwa, natamka sauti yake tu, naye anaifuatisha kwa kidole huku akiitamka, kisha anaipanga kwa mbegu za ubuyu. Jioni tunarusha vizibo vya soda kwenye mabeseni mawili. Nikisema "baba", beseni la b. "Dada", la d. Mwanzoni alikosa karibu kila mara. Juzi alipata 8 kati ya 10, na njiani akasoma mwenyewe "duka" ukutani. Nililia, jamani! Penseli bado anaikamata kwa ngumi, kwa hiyo tumeanza kutunga shanga ili vidole vizoee kushika vitu vidogo. Asanteni sana, hasa dada aliyependekeza mbegu.